Hitilafu za umeme katika pikapu kuukuu

Hitilafu za umeme katika pikapu kuukuu ni matatizo ya betri, nyaya, swichi, taa na vifaa vingine vya umeme yanayotokea katika magari madogo ya mizigo yaliyotumika kwa miaka mingi. Mara nyingi matatizo hayo huonekana kama mafumbo: taa za dashibodi huwaka dereva anapokanyaga breki, betri mpya huisha chaji kwa siku mbili, au stata hugoma asubuhi na kukubali mchana bila mtu kugusa kitu.

Sehemu kubwa ya hitilafu za namna hiyo haitokani na kifaa kilichokufa, bali na njia ya umeme iliyoharibika: kiungo chenye kutu, waya uliochubuka, au mahali ambapo umeme unashindwa kurudi kwenye betri. Ndiyo maana kubadilisha alteneta, stata au betri kwa kubahatisha humgharimu mwenye gari bila kuondoa tatizo. Njia ya uhakika ni kupima saketi hatua kwa hatua wakati kifaa chenyewe kinafanya kazi.

## Muundo wa umeme wa pikapu

Pikapu nyingi hutumia mfumo wa volti 12. Betri yake ya risasi na asidi ina seli 6, na kila seli iliyojaa hutoa takriban volti 2.1. Betri huzungusha stata. Injini ikishawaka, alteneta inayozungushwa na mkanda hulisha taa na vifaa vingine, na pia huirudishia betri chaji.

Mfumo huu haukuwa hivyo tangu mwanzo. Magari mengi ya Marekani yalitumia volti 6 hadi katikati ya miaka ya 1950, kisha yakahamia volti 12. Kazi ya kuchaji ilifanywa na dinamo, hadi alteneta ilipoanza kuenea katika magari ya kawaida, kuanzia gari la Valiant la kampuni ya Chrysler la mwaka 1960. Land Rover za awali zilifungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi. Toyota Hilux, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1968, hufungwa ncha hasi kwenye bodi kama ilivyo kwa karibu magari yote ya leo. Kwa hiyo katika gari la zamani sana huangaliwa kwanza ni ncha ipi iliyofungwa kwenye bodi, kwani redio au alteneta ikifungwa kinyume huungua.

### Ethi

Katika gari, kila kifaa hupelekewa umeme kwa waya, lakini umeme huo hurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari lenyewe. Njia hiyo ya kurudia huitwa ethi. Utaratibu huu hupunguza idadi ya nyaya, lakini unategemea vyuma vyote vya gari viwe vimegusana vizuri.

Hapo pikapu hutofautiana na gari dogo la abiria. Gari dogo huwa na bodi moja ya chuma kilichochomelewa. Pikapu ya kawaida ina vipande vinne: injini, chesisi, kebini ya dereva na sehemu ya mizigo. Injini na kebini hukaa juu ya mipira inayopunguza mtikisiko, na mpira haupitishi umeme. Vipande hivyo huunganishwa kwa mikanda ya shaba iliyosukwa au nyaya fupi zilizofungwa kwa bolti. Mkanda mmoja ukikatika, ukila kutu, au ukisahaulika baada ya injini kushushwa, kipande kizima hubaki bila njia nzuri ya kurudishia umeme.

## Sababu

### Ukinzani kwenye viungo

Kutu, rangi, vumbi na bolti iliyolegea huongeza ukinzani, yaani hali ya kuzuia mkondo wa umeme. Kiasi kidogo sana cha ukinzani hutosha kuleta tatizo panapopita mkondo mkubwa. Stata inaweza kuvuta ampea 200. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.01 pekee hupoteza volti 2 kwenye mkondo huo, na wati 400 hugeuka joto mahali hapo. Ndiyo sababu temino mbovu huwa ya moto baada ya kujaribu kuwasha gari mara kadhaa.

Kiungo hichohicho kikipimwa gari likiwa limezimwa huonekana kizima. Mita itasoma volti 12.6 kwa sababu hakuna mkondo unaopita, na kipimo cha omu cha mita ya kawaida hakiwezi kuonyesha vizuri thamani ndogo kiasi hicho. Hiki ndicho chanzo cha mafumbo mengi: umeme upo unapopimwa, lakini hupotea unapohitajika.

Taa kubwa huathirika vilevile. Balbu mbili za wati 55 huvuta pamoja takriban ampea 9. Omu 0.2 katika njia yao ya pamoja hupoteza karibu volti 1.8. Mwanga wa balbu ya uzi hupungua haraka kuliko volti: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Dereva hudhani balbu zimezeeka, kumbe ni swichi au ethi, na usiku huona mtu wa kando ya barabara akiwa amechelewa.

### Nyaya zilizochakaa

Ganda la waya hukauka na kupasuka kutokana na joto la injini. Mahali waya unapopita kwenye tundu la chuma bila kinga ya mpira, mtikisiko hulisugua ganda hadi shaba ikaguse bodi. Maji yakiingia chini ya ganda, shaba hugeuka kijani au nyeusi na kuwa dhaifu kwa ndani huku nje waya ukionekana mzima. Maeneo ya pwani huharakisha hali hiyo kwa sababu ya chumvi iliyo hewani. Panya nao hutafuna nyaya za magari yaliyoegeshwa kwa muda mrefu.

Sehemu zinazopinda mara kwa mara, kama nyaya zinazopita kati ya kebini na mlango au kati ya chesisi na sehemu ya mizigo, hukatika nyuzi zake moja moja. Waya wenye nyuzi chache zilizobaki huweza kuwasha balbu ndogo lakini hushindwa kulisha pampu au feni.

### Vifaa vilivyoongezwa

Pikapu kuukuu huwa imepitia mikono mingi. Redio, king'ora cha wizi, taa za ziada na soketi ya tela mara nyingi huunganishwa kwa kuchuna waya uliopo na kuuzungushia tepu. Viungo hivyo hulegea, hupata kutu, na wakati mwingine huchukua umeme mahali pasipozimika kwa ufunguo. Taa za ziada zikifungwa bila rilei, mkondo wake wote hupita kwenye swichi ndogo ya dashibodi ambayo haikutengenezwa kwa mzigo huo.

### Betri na mfumo wa chaji

Betri huzeeka, kaboni za alteneta huisha, mkanda hulegea na dayodi huungua. Dayodi iliyoharibika huweza kuleta matatizo mawili kwa pamoja: chaji kuwa ndogo mchana, na umeme kuvuja kutoka kwenye betri usiku. Katika alteneta nyingi za zamani, balbu ya taa ya chaji kwenye dashibodi ndiyo inayopeleka umeme wa kuanzia. Balbu hiyo ikiungua, alteneta nzima isiyo na ubovu wowote inaweza kushindwa kuanza kuchaji.

Pikapu za dizeli zenye pampu ya kawaida isiyoongozwa na kompyuta huweza kuficha tatizo la chaji. Injini ikishawaka huhitaji umeme kidogo tu, mara nyingi kwa ajili ya kifaa cha kukata mafuta, hivyo gari huendelea kutembea siku nzima bila chaji. Tatizo hujitokeza taa zinapowashwa jioni au asubuhi inayofuata.

## Dalili na maana yake

Dalili zifuatazo huonekana za ajabu lakini zina maelezo ya kawaida:

- Breki ikikanyagwa, taa za dashibodi au taa ndogo za mbele huwaka. Balbu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili, wa breki wa wati 21 na wa taa ndogo wa wati 5, zinazotumia ethi moja. Ethi hiyo ikikatika, umeme wa breki hauna pa kurudia. Hupita kwenye uzi wa pili, huingia katika waya wa taa ndogo na kutafuta ethi kupitia taa nyingine za gari.
- Indiketa ikiwashwa, taa nyingine za upande huo nazo hupepesa hafifu. Chanzo huwa kilekile: ethi ya taa za nyuma.
- Indiketa za upande mmoja hubadilisha mwendo. Kwa kawaida balbu moja imeungua au haipati umeme wa kutosha. Flasha za kielektroniki huenda haraka. Zile za zamani zinazotumia joto huenda polepole au hubaki zimewaka.
- Geji ya mafuta na ya joto hupanda au kushuka pamoja. Geji mbili haziharibiki kwa siku moja. Hukaguliwa kidhibiti cha volti kilicho nyuma ya dashibodi na ethi yake.
- Ufunguo ukizungushwa, stata hulia mara moja na taa zote huzimika. Dalili hii huelekeza kwenye kiungo kibovu cha njia kuu, hasa temino za betri. Mlio wa haraka unaorudiarudia huelekeza zaidi kwenye betri isiyo na chaji.
- Kebo ya mafuta au ya klachi huwa ya moto gari linapowashwa. Ethi ya injini imekatika, na mkondo wa stata unapita kwenye kebo hiyo.
- Fyuzi hukatika gari linapopita kwenye matuta. Waya uliochubuka hugusa chuma wakati wa mtikisiko.
- Alteneta huwa na joto hata gari likiwa limelala usiku kucha. Dayodi inavujisha umeme.

## Vifaa vya kupimia

Kazi nyingi hufanyika kwa vifaa vichache: mita ya kupima volti, omu na ampea, taa ya kupimia, yaani balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili, waya mrefu wenye vibano, brashi ya chuma na msasa. Taa ya kupimia ina faida moja ambayo mita haina: huvuta mkondo, hivyo hufichua waya wenye volti bila nguvu. Haifai kutumiwa kwenye nyaya za kompyuta au mifuko ya hewa, kwani mkondo wake unaweza kuviharibu vifaa hivyo au kuilipua mifuko.

Mchoro wa nyaya wa gari husika huokoa muda mwingi. Rangi za nyaya hufuata utaratibu wa kila mtengenezaji. Katika magari ya Toyota, waya mweupe wenye mstari mweusi kwa kawaida ni wa ethi. Katika magari ya zamani ya Uingereza, waya mweusi ni wa ethi, wa kahawia hutoka moja kwa moja kwenye betri, na mweupe hupata umeme ufunguo unapowashwa. Hata hivyo rangi haiaminiki pale mtu mwingine alipokwisha kubadilisha waya.

## Utaratibu wa kutafuta hitilafu

### Kuuliza na kukagua

Hatua ya kwanza ni kujua tatizo hutokea lini: injini ikiwa baridi au ya moto, wakati wa mvua, kwenye barabara mbovu, au baada ya kifaa fulani kufungwa. Kazi ya mwisho iliyofanywa kwenye gari kabla ya tatizo kuanza huelekeza mahali pa kutazama kwanza. Kisha hukaguliwa kwa macho na mikono temino, mikanda ya ethi, kisanduku cha fyuzi, na kila mahali penye tepu. Plastiki iliyoyeyuka au kugeuka rangi huonyesha kiungo kilichokuwa kikipata joto.

### Betri na chaji

Betri hupimwa baada ya kupumzika saa kadhaa. Vipimo vya kawaida ni hivi:

- volti 12.6 au zaidi: imejaa;
- volti 12.4: takriban robo tatu;
- volti 12.2: takriban nusu;
- volti 12.0 au chini: karibu tupu.

Wakati stata inazunguka, volti za betri nzima hazipaswi kushuka chini ya takriban 9.6. Injini ikiwaka, volti kati ya ncha za betri huwa baina ya 13.8 na 14.5. Zikibaki karibu na 12.5 hakuna chaji. Zikizidi 15, kidhibiti kimeharibika au ethi yake ni mbovu, na betri itachemka na kukauka. Hakuna kipimo kingine kinachofaa kufanywa kabla ya betri kuthibitika kuwa nzima, kwa sababu betri dhaifu huiga karibu kila hitilafu.

### Upotevu wa volti

Hiki ndicho kipimo muhimu kuliko vyote kwa gari kuukuu. Mita huwekwa kwenye volti, na nyaya zake hugusishwa ncha mbili za njia ileile moja, wakati kifaa kinafanya kazi. Njia nzuri huonyesha karibu sifuri. Kiasi chochote kinachosomwa ni volti zinazopotea humo.

Kwa mfano, kuchunguza ethi ya stata, waya mmoja wa mita huwekwa juu ya ncha hasi ya betri yenyewe, si juu ya temino yake, na mwingine kwenye chuma cha stata. Mtu wa pili huzungusha ufunguo. Mita ikisoma chini ya volti 0.2, ethi ni nzuri. Ikisoma volti 1 au zaidi, kuna kiungo kibovu njiani. Waya wa pili husogezwa hatua kwa hatua kuelekea betri: kwenye injini, kwenye bolti ya mkanda, kwenye temino. Mahali ambapo usomaji unashuka ghafla ndipo hitilafu ilipo, katikati ya sehemu iliyopimwa sasa na ile iliyotangulia. Njia ya upande wa chanya hupimwa vivyo hivyo, na upotevu wake hadi kwenye stata haupaswi kuzidi volti 0.5.

Taa za nyuma za pikapu hupimwa kwa kuziwasha, kisha kuweka mita kati ya ncha hasi ya betri na kikombe cha balbu. Njia ya haraka zaidi ni kuunganisha waya wa muda kutoka kwenye kikombe hicho hadi ncha hasi. Taa zikirudi katika hali yake, hakuna haja ya kununua kitu. Kinachohitajika ni kusafisha au kufunga ethi mpya.

### Mkondo unaovuja

Betri inayoisha chaji gari likiwa limeegeshwa hupimwa kwa kufungua temino hasi na kuweka mita ya ampea kati ya temino hiyo na ncha ya betri. Milango hufungwa na kila kitu huzimwa. Gari haliwashwi mita ikiwa mahali hapo, kwa kuwa mkondo wa stata utaiunguza.

Pikapu isiyo na kompyuta haipaswi kuvuta zaidi ya miliampea 30 hivi, kwa ajili ya saa na kumbukumbu ya redio. Kwa magari mengi kikomo kinachotajwa ni miliampea 50. Taa ndogo ya wati 5 iliyobaki imewaka, kama ile ya sanduku la dashibodi, huvuta takriban ampea 0.4. Uvujaji wa ampea 0.5 humaliza betri ya ampea-saa 70 katika saa 140, chini ya siku 6, na stata huanza kulegea mapema zaidi.

Fyuzi huchomolewa moja baada ya nyingine hadi usomaji ushuke. Fyuzi iliyoushusha ndiyo inayolinda saketi yenye tatizo. Ikiwa hakuna fyuzi inayobadilisha kitu, hukaguliwa nyaya zisizopita kwenye kisanduku, hasa waya mkuu wa alteneta na vifaa vilivyoongezwa moja kwa moja kwenye betri.

### Shoti

Fyuzi inayokatika kila inapowekwa huonyesha kuwa umeme unafika kwenye chuma bila kupita kwenye kifaa. Badala ya kuunguza fyuzi nyingi, balbu ya wati 21 huunganishwa mahali pa fyuzi. Shoti ikiwapo balbu huwaka kikamilifu lakini waya haupati joto la hatari. Vifaa vya saketi hiyo huchomolewa kimoja kimoja, kisha mafungu ya nyaya hutikiswa. Balbu inapofifia au kuzimika ghafla, shoti imepatikana.

### Hitilafu zinazokuja na kuondoka

Hitilafu ambayo haionekani mbele ya fundi hailazimiki kusubiriwa. Mita au balbu huunganishwa kwenye saketi na kuwekwa mahali inapoonekana, halafu nyaya na soketi hutikiswa kwa mkono, rilei hugongwa taratibu, na sehemu zinazoshukiwa hupuliziwa joto au kunyunyiziwa maji kidogo. Kifaa cha kupimia pia kinaweza kubaki ndani ya kebini wakati wa safari ili kionyeshe kama umeme ulikatika kabla au baada ya swichi.

## Ukarabati

Kiungo cha ethi hufunguliwa, rangi na kutu hukwanguliwa hadi chuma king'ae, hufungwa kwa bolti safi, kisha hupakwa grisi kwa nje ili kuzuia maji. Kupaka grisi juu ya kutu hakusaidii. Katika pikapu kuukuu ni jambo la kawaida kuongeza nyaya mpya za ethi: betri hadi injini, injini hadi chesisi, chesisi hadi kebini, na chesisi hadi sehemu ya mizigo. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na alteneta moja.

Waya uliooza hukatwa hadi kwenye shaba inayong'aa, hata kama ni lazima kurudi nyuma sana. Waya mpya huwa na unene uleule au zaidi. Viungo hubanwa kwa koleo maalumu au kuchomelewa kwa risasi, hufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto, na hufungwa mahali pasipotikisika. Taa kubwa zinazofifia kwa sababu ya swichi ya zamani hufungiwa rilei inayochukua umeme karibu na betri, hivyo swichi hubeba mkondo mdogo tu.

## Makosa ya kawaida

Kosa la hatari kuliko yote ni kuweka fyuzi kubwa zaidi, au waya na karatasi ya sigara, pale fyuzi inapokatika. Fyuzi hailindi kifaa peke yake. Hulinda waya usiungue. Fyuzi za kisasa za bapa hutambulika kwa rangi: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20 na kijani 30. Waya uliokusudiwa ampea 10 ukiwekewa fyuzi ya 30 unaweza kuyeyuka na kuwasha moto nyuma ya dashibodi kabla fyuzi haijakatika.

Kosa la pili ni kuchomoa temino ya betri injini ikiwa inaunguruma ili kuona kama alteneta inachaji. Zoea hilo lilitokana na enzi za dinamo. Kwa alteneta, kuondoa betri ghafla huweza kupandisha volti kwa kiasi kinachounguza dayodi, kidhibiti, redio au kompyuta ya gari. Mita hutoa jibu hilohilo bila hasara.

Kosa la tatu ni kubadilisha vitu kadhaa kwa wakati mmoja. Tatizo likiisha, haijulikani lililetwa na nini. Likirudi, kazi huanza upya.

## Usalama

Betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka kwa cheche, na asidi yake huunguza macho na ngozi. Temino iliyofungwa kwenye bodi, kwa kawaida hasi, hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana ikigusa chuma isilete shoti. Pete na saa za chuma huvuliwa, kwa kuwa volti 12 hazirushi mtu lakini mkondo wa betri huweza kuifanya pete iwe nyekundu kwa moto. Wakati wa kuazima umeme kutoka gari lingine, kibano cha mwisho hufungwa kwenye chuma cha injini, mbali na betri.

## Katika Afrika Mashariki

Pikapu za Toyota, Nissan, Isuzu na Land Rover hutumika kwa miongo mingi Afrika Mashariki, katika mashamba, biashara na huduma za umma. Magari mengi huingia kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam yakiwa tayari yametumika Japani. Barabara za vumbi hulegeza bolti na kuchubua nyaya, na hewa ya chumvi ya pwani hula viungo vya shaba.

Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia betri mbili zinazotoa volti 24. Redio ya volti 12 ikiunganishwa kwenye betri moja tu kati ya hizo, betri hiyo hupungukiwa chaji huku nyingine ikizidishiwa, na zote mbili hufa mapema. Kifaa cha kushusha volti kutoka 24 hadi 12 huondoa tatizo hilo.

Kazi hii hufanywa na fundi umeme wa magari, ambaye kwa kawaida si yuleyule anayefungua injini. Wengi hujifunza kwa kukaa na fundi mwenye uzoefu gereji. Wengine hupitia vyuo vya ufundi, kama vile vya VETA nchini Tanzania, vinavyofundisha umeme wa magari kama fani ya pekee. Kwa mwenye pikapu asiye fundi, vipimo vitatu huweza kufanywa nyumbani kwa mita ya bei nafuu: volti za betri asubuhi kabla ya kuwasha, volti injini ikiunguruma na taa zikiwa zimewashwa, na upotevu wa volti kati ya ncha hasi ya betri na injini wakati stata inazunguka. Namba hizo tatu zikiandikwa na kupelekwa gereji, fundi hupata mahali pa kuanzia, na mwenye gari hupata sababu ya kuuliza kabla ya kukubali kununua alteneta nyingine.